Moyo Uliosikilizwa Mnero

Mwaka 1949 daktari mmoja Mwingereza aliondoka Lulindi, Masasi, akaenda kufanya kazi Mnero, katika mkoa wa Lindi wa leo. Jina lake Leader Stirling. Alikuwa na miaka 43, na miaka 14 kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, akitibu katika hospitali ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Sasa alikuwa ameingia Ukatoliki, na Mnero ilikuwa misheni ya Wabenediktini. Angekaa hapo miaka 15.

Wakati Stirling anafungua mizigo yake, jirani tu Nachingwea ilikuwa inanguruma. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeleta mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yalikuwa yanang'oa visiki usiku na mchana, na reli ilikuwa inajengwa kutoka Mtwara kuja kubeba mavuno. Watu wa kusini hawakuwa wamewahi kuona mashine nyingi kiasi hicho mahali pamoja. Karanga zikagoma, fedha zikateketea, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Reli nayo baadaye iling'olewa. Mnero, ambako mashine zilikuwa chache, hospitali ya misheni ingalipo mpaka leo, chini ya Jimbo Katoliki la Lindi, na watu wa Nachingwea na Ruangwa bado wanaijia.

Lakini kulikuwa na mashine moja ambayo pande zote mbili zilikuwa nayo, dereva wa trekta na mama mpanda muhogo sawasawa. Haikunywa dizeli wala haikuzimwa usiku. Fundi wake pale Mnero alikuwa na vifaa vichache vya kuikagulia: vidole vya kushika mapigo mkononi, mpira wa kupimia presha, na stetoskopu. Zaidi ya yote alitegemea masikio yake.

Elimu iliyomwezesha daktari yule kuelewa alichokisikia ilichukua zaidi ya miaka elfu moja na mia saba kukamilika, na njiani ilipotea, ikalala usingizi, ikasahauliwa kabatini.

Tuanzie Roma, karne ya pili. Galen, tabibu Mgiriki aliyewatibu hata makaisari, alipasua nyani na nguruwe kwa sababu kumpasua binadamu hakukuruhusiwa. Aligundua jambo kubwa: mishipa ya ateri hubeba damu, wakati waliomtangulia walidhani inabeba hewa. Lakini alikosea mahali pawili. Alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini na kuliwa na viungo, kama maji yanayonywewa na shamba, hairudi tena. Akafundisha pia kwamba ukuta unaougawa moyo kati una matundu madogo yasiyoonekana, ambamo damu hupenya kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto. Alisema yapo, na kwa kuwa alikuwa Galen, watu waliyaona kwa miaka zaidi ya elfu moja.

Wa kwanza kuyakana alikuwa Mwarabu. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, tabibu wa Kairo aliyetokea Sham, aliandika ufafanuzi wa sehemu ya anatomia katika kitabu cha tabibu Ibn Sina. Humo alisema waziwazi: ukuta ule ni mzito, hauna matundu, ya kuonekana wala ya kufichika. Basi damu ya upande wa kulia haina njia nyingine ila kupita katika mapafu, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Hiyo ndiyo safari ya damu na mapafu kama tunavyoijua leo. Karne hiyohiyo Kilwa Kisiwani, ambayo leo imo katika mkoa uleule wa Lindi ilimo Mnero, ilikuwa inainuka kuwa bandari ya dhahabu ya Sofala, na Kairo na Kilwa ziliishi katika ulimwengu mmoja wa biashara na dini. Ibn al-Nafis alifariki mwaka 1288. Maneno yake yalizama, hadi mwaka 1924 daktari kijana wa Kimisri alipokutana na nakala ya kitabu chake katika maktaba ya Berlin. Leader Stirling alikuwa na miaka 18 wakati huo.

Ulaya iliifikia njia hiyo baadaye. Kisha Mwingereza William Harvey, aliyesomea Padua nchini Italia, alifanya hesabu ambayo hata muuza duka angeielewa. Moyo unasukuma damu kiasi gani kwa pigo moja? Unapiga mara ngapi katika nusu saa? Zidisha. Jibu likawa damu nyingi kuliko iliyomo mwilini. Ini lisingeweza kuitengeneza damu yote hiyo, wala chakula kisingetosha. Basi ni damu ileile inayokwenda na kurudi. Aliyachapisha hayo mwaka 1628.

Ushahidi wake mmojawapo hufanywa kila asubuhi katika maabara ya Mnero bila yeyote kumtaja Harvey. Mhudumu anamfunga mgonjwa mpira juu ya kiwiko ili amtoe damu. Mshipa unavimba chini ya mpira, unaonekana kama mzizi chini ya ngozi. Mwambie asichome kwanza. Aweke kidole kimoja juu ya mshipa, na kwa kidole kingine aifute damu kuelekea begani. Mshipa unabaki mtupu, haujazwi kutoka juu, kwa sababu ndani yake mna vali ndogo zinazoizuia damu isirudi mkononi. Akiachia kile kidole cha chini, mshipa unajaa tena papo hapo. Harvey aliufanya mchezo huu, akauonyesha kwa michoro, na kwa mchezo huu akathibitisha kwamba damu ya vena ina safari moja tu: kurudi moyoni. Kitu kimoja hakukiona maishani mwake, nacho ni mahali ateri zinapokutana na vena. Mwaka 1661, miaka minne baada ya kifo chake, Marcello Malpighi aliweka pafu la chura chini ya hadubini na kuziona kapilari. Duara likafungika.

Sasa tuutazame moyo wenyewe. Hakuna haja ya kwenda chuo kikuu. Siku ya Idi au Krismasi mbuzi akichinjwa, omba moyo kabla haujaingia chunguni, kwa sababu umeumbwa kwa mpango uleule wa wako. Wa mtu mzima una ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, uzito wa gramu 250 hadi 350, na umelala kati ya mapafu mawili, ncha yake imeinamia kushoto.

Upasue kwa urefu. Utaona vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vile vya juu, atria, kuta zake ni nyembamba, maana kazi yao ni kupokea damu na kuishusha chumba cha chini. Vya chini, ventrikali, ndivyo vinavyosukuma. Bonyeza ukuta wa ventrikali ya kulia, kisha wa kushoto. Wa kushoto ni mnene karibu mara tatu. Sababu utaiona ukifikiri damu inakwenda wapi: ya kulia inakwenda mapafuni tu, jirani, ya kushoto inatakiwa ipande mpaka ubongoni na ishuke mpaka kidole cha mguu, na njia yake ya kwanza ni aota, mshipa mkubwa kuliko yote. Ndiyo maana presha inapomwandama mtu miaka mingi, ni upande huu wa kushoto unaoanza kunenepa, kama mkono wa mtwangaji, lakini unene huu hauleti afya. Moyo unakuwa mgumu, halafu unachoka.

Tafuta na milango. Kati ya kila chumba cha juu na cha chini chake kuna vali: vipande vyeupe, vyembamba kama utando, vilivyoshikwa kwa nyuzi kwenye ukuta wa ventrikali mithili ya kamba za hema. Zivute kidogo kwa ncha ya kisu. Ni imara ajabu. Nyuzi hizo zinaizuia vali isipinduke nje damu inapoisukuma kwa nguvu. Vali nyingine mbili zinalinda milango ya kutokea. Jumla nne, na kazi yao zote ni moja: damu ikishapita, isirudi.

Nani anayeamuru pigo? Aliyewahi kuchinja kuku ameuona moyo uliotolewa ukiendelea kucheza kwenye sahani, hauna kichwa wala shingo ya kuutuma. Moyo una kianzio chake wenyewe. Mwaka 1906 Mjapani Sunao Tawara alieleza njia ya umeme mdogo unaopita ndani ya misuli ya moyo, na mwaka uliofuata Arthur Keith na Martin Flack wakalikuta chimbuko lake, kifundo kidogo juu ya atriamu ya kulia. Hapo cheche inaanza, na inarudiwa mara kama 70 kwa dakika, mara laki moja kwa siku. Kila dakika zinasukumwa lita tano hivi, na kwa siku zinapita lita 7,000. Mwanamke wa Nachingwea anayeteka maji kisimani anaweza kuipima kazi hiyo kwa kichwa chake: ni madumu 350 ya lita 20, kila siku, kwa pampu ya ukubwa wa ngumi.

Lugha zetu zilikipa kiungo hiki kazi nyingine pia. Kwa Kiswahili tunapeana moyo, tunavunjika moyo, tunasema kimoyomoyo. Washairi wa zamani walikiita mtima, neno ambalo Wayao wanalo mpaka leo. Mgonjwa akimwambia daktari "moyo unanienda mbio," daktari hana budi kuuliza zaidi, kwa sababu huenda ni hofu, huenda ni huzuni, na huenda ni vali.

Stetoskopu ndiyo inayoamua. Mwaka 1816 mjini Paris, René Laennec alitakiwa amsikilize mwanamke mwenye dalili za ugonjwa wa moyo, akaona haya kuweka sikio kifuani pake. Akakunja karatasi kama bomba, upande mmoja kwa mgonjwa na mwingine sikioni, akashangaa kusikia wazi kuliko alivyowahi. Kinachosikika si misuli inavyokaza. Ni milango inavyofungwa: sauti ya kwanza ni ya vali za kati, ya pili ni ya vali za kutokea. Kimya kilichobaki katikati ndicho kinachomvutia daktari. Kimya kikijaa mvumo, kama maji yanayopita katika mpira uliobanwa, kuna vali iliyosinyaa au isiyofunga vizuri.

Mvumo huo daktari wa hospitali ya kijijini aliujua, na mara nyingi chimbuko lake lilikuwa mahali ambapo hakuna anayepatilia maanani: koo la mtoto. Kuna bakteria aitwaye streptokokasi anayewashambulia watoto kooni. Mwili unajitengenezea askari wa kumfukuza, na kwa baadhi ya watoto askari hao wanamkosea adui na kuwashambulia wenyeji. Viungo vinavimba na kuuma, homa inapanda. Ndiyo homa ya baridi yabisi. Maumivu ya magoti yanapita, lakini vali za moyo, hasa ile ya kati upande wa kushoto, zinaachwa na makovu. Kila homa inayorudi inaongeza kovu. Miaka inapita, mlango unakuwa mwembamba, damu inajaa nyuma yake mapafuni. Mara nyingi msichana mwenye vali ya namna hiyo hajijui mpaka apate mimba. Hapo damu mwilini inaongezeka kwa karibu nusu, mlango mwembamba unashindwa kuipitisha, na mama mjamzito anaanza kulala ameketi kwa sababu akijinyoosha hapati pumzi.

Mwaka 1949 daktari aliyemsikia mama huyo angemfanyia nini? Angempa dawa ya kupunguza maji mwilini, angempumzisha kitandani, angemzalisha kwa uangalifu mkubwa. Kuufungua mlango wenyewe ndiyo kwanza kulikuwa kunaanza duniani. Kule London alikosomea Stirling, mwaka 1925, Henry Souttar aliingiza kidole chake ndani ya moyo wa msichana uliokuwa ukipiga, akaitanua vali. Msichana akapona, akaishi miaka kadhaa. Hata hivyo hakuna tena aliyemletea Souttar mgonjwa wa namna hiyo, kwa kuwa madaktari wa magonjwa ya ndani waliona moyo haukatwi. Ilipita miaka 23. Mwaka 1948 Charles Bailey huko Philadelphia, Dwight Harken huko Boston na Russell Brock huko London, wote ndani ya miezi michache, wakafaulu kuzitanua vali hizo.

Mwaka huohuo Afrika Mashariki nayo iliandika ukurasa wake. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mtaalamu wa patholojia Jack Davies alieleza ugonjwa ambao vitabu vya Ulaya havikuwa nao: moyo ambao kuta zake za ndani zimefunikwa na makovu mazito, vyumba vimejaa kama vimepigwa lipu, damu haina pa kuingilia. Ukaitwa fibrosisi ya endomayokadiamu, na wengine waliuita kwa jina la Davies. Wagonjwa wake wengi ni vijana na maskini wa maeneo ya joto, na chanzo chake hadi leo kinabishaniwa. Muhogo nao umewahi kushukiwa. Maana ya kazi ya Davies ni kwamba moyo wa Mwafrika ulistahili kuchunguzwa hapahapa, kwa mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 1958 Stirling alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na chama cha TANU, na baada ya uhuru akawa raia wa nchi aliyoitibu. Aliondoka Mnero mwaka 1964 kwenda Kibosho, Kilimanjaro.

Kisha ukaja mwaka 1967, ulioanza kwa jambo moja na kuishia kwa jingine. Februari, Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha, na fedha za afya zikaanza kuelekezwa vijijini, kwenye zahanati na vituo vya afya. Desemba 3, huko Cape Town, Christiaan Barnard alimtoa mtu moyo na kumwekea wa marehemu, wa kwanza duniani kwa binadamu kwenda binadamu. Mgonjwa akaishi siku 18. Dunia nzima ilitazama Cape Town, na hakuna gazeti la mbali lililoandika habari za zahanati. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua Stirling kuwa Waziri wa Afya, na yule aliyekuwa daktari wa Mnero akaongoza wizara mpaka 1980, miaka ambayo mpango wa zahanati ulikuwa ndio moyo wa sera.

Sera hiyo haikuwa na maana kwamba wenye mioyo iliyoharibika hawakuhitaji upasuaji. Kwa miaka mingi walipelekwa nje, India hasa, kwa gharama ambayo serikali iliweza kuwalipia wachache tu. Wengine walisubiri orodhani. Mei 2008 upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulifanyika kwa mara ya kwanza katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Profesa Mohamed Janabi. Huko sasa vali zinabadilishwa, watoto wanazibwa matundu, na mishipa iliyoziba inazibuliwa kwa waya unaopitishwa kwenye tundu dogo la paja au mkono. Njia hiyo ya waya ilianza na kichaa cha kijana mmoja Mjerumani, Werner Forssmann, ambaye mwaka 1929 alijipitishia mrija mshipani mpaka moyoni mwake mwenyewe, kisha akatembea kwenda chumba cha eksirei kupiga picha ya ushahidi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956.

Stirling alifariki Dar es Salaam Februari 2003, akiwa na miaka 97. Agosti ya mwaka huo lilifunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, na kile kivuko cha Ndundu kilichowalaza watu wa kusini porini masika yote kikabaki hadithi. Kutoka Mnero hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, lakini sasa ni barabara, na wataalamu wa Taasisi nao wanakwenda mikoani kwa tiba mkoba.

Hata hivyo, ukiyaweka pamoja yote yaliyotokea tangu Kairo ya 1242, hukumu ni moja. Mlango wa moyo uliokwisha kusinyaa unatibiwa Dar es Salaam, kwa fedha nyingi na kifua kilichofunguliwa. Mlango huohuo unaokolewa Mnero, kabla haujasinyaa, kwa penisilini ya koo. Na aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi analindwa kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, miaka mingi bila kuruka. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuutaka ulimwengu uuchukulie ugonjwa huu kwa uzito, miaka mingi baada ya nchi tajiri kuusahau majumbani mwao.

Kwa hiyo, mzazi wa Mnero, na popote pengine unapousoma waraka huu: mtoto akiwa na homa na koo linamuuma hata kumeza shida, usitosheke na maji ya chumvi. Mpeleke zahanati, mhudumu amwangalie, na akiandikiwa dawa, amalize dozi hata kama amepona siku ya pili. Dada mjamzito anayelala ameketi asiambiwe ni mimba tu, asikilizwe moyo. Na wewe mwenyewe uliyepita miaka 40, pima presha. Kipimo kinachukua dakika chache, na kipo Mnero.